Pweza: mioyo mitatu, bongo ngapi?

MWANAIDI: Asalamu aleikum, karibuni kipindini. Leo tulipanga mifumo mitatu, wa damu, wa chakula na wa figo, kwa ajili ya wale vijana wa kidato cha pili waliotuomba. Lakini kaka Mbwana juzi katoka soko la samaki la Deep Sea na pweza wa kilo mbili, na tangu hapo hazungumzi kingine.

MBWANA: Dada, mwenye pweza ana mifumo yote hiyo mkononi. Tuanze na fuko. Lile linaloitwa kichwa ndilo tumbo lenyewe. Ubongo uko chini yake, katikati ya macho.

MWANAIDI: Haya, waeleze namna ya kumtumbua, maana wengi huanza kwa kupasua wino.

MBWANA: Mgeuze, kile kibomba cha kupulizia maji kiwe juu. Penyeza vidole kwenye ukingo wa fuko, utagusa kamba ya msuli inayoshikanisha matumbo na ukuta wa fuko. Ikate, ncha ya kisu ielekee ukutani, usiielekeze ndani. Hapo fuko linageuka kama soksi. Utaona tezi kubwa ya kahawia, na juu yake kifuko kinachong'aa kama fedha. Hicho ndicho cha wino. Kibane shingoni kwa vidole viwili, ukate nyuma ya vidole, kitoke kizima. Ukikitoboa, kazi yako yote inakuwa nyeusi na huoni tena mshipa wala moyo.

MWANAIDI: Ile tezi ya kahawia vijana waiangalie vizuri. Inatengeneza vimeng'enya na kufyonza chakula, kazi ambazo kwetu zimegawanywa kati ya ini, kongosho na utumbo.

MBWANA: Pembeni kuna matamvua mawili ya kupumulia, kushoto na kulia. Kwenye shina la kila tamvua pana moyo mdogo. Wa tatu uko katikati yao.

MWANAIDI: Na sababu ya mioyo mitatu ni damu. Yetu hubeba oksijeni kwa madini ya chuma, yake kwa shaba, katika protini iitwayo hemosianini. Ikishika oksijeni ni buluu, ikiiachia inakosa rangi, ndiyo maana sokoni huioni. Haibebi oksijeni nyingi kama himoglobini yetu yenye chuma, tena ni nzito. Basi mioyo miwili inaisukuma ipite kwenye matamvua, wa tatu unaipeleka mwilini. Akiogelea kwa kupuliza maji, huo wa tatu husimama. Ndiyo maana huchoka upesi, na hupenda zaidi kutambaa.

MBWANA: Mioyo mitatu, na bongo tisa.

MWANAIDI: Ubongo mmoja, kaka.

MBWANA: Tisa! Mmoja katikati ya macho, na mmoja katika kila mnyiri, yaani mkono wake, na anayo minane. Ana seli za neva takriban milioni 500, na kama theluthi mbili ziko kwenye minyiri. Kata mnyiri, bado unashika, bado unajikunja ukiuchoma. Kila kinyonyeo kinaonja kinachokigusa. Hiyo si akili?

MWANAIDI: Ukigusa sufuria ya moto, uti wa mgongo unauvuta mkono kabla ubongo haujapata habari. Mbona hatusemi tuna bongo mbili?

MBWANA: Uti wetu haubebi sehemu kubwa ya neva zetu. Kwa pweza mzigo mkubwa uko nje ya ubongo, na nyuzi zinazounganisha ubongo na minyiri ni chache mno ukilinganisha na neva zilizomo.

MWANAIDI: Wingi wa neva si hoja. Ogani tunaitambua kwa kazi yake. Mtafiti wa wanyama J. Z. Young alipofanya kazi Naples, Italia, pweza walioondolewa sehemu ya juu ya ubongo walipungukiwa uwezo wa kujifunza na kukumbuka waliyoyaona. Kumbukumbu hiyo haikuhamia mnyirini.

MBWANA: Kumbukumbu ya macho! Kugusa na kuonja je? Kuamua kipande hiki ni kaa, hiki ni jiwe?

MWANAIDI: Kupokea habari na kujibu, sawa. Kuiita ubongo, hapana. Kijana akiandika tisa kwenye mtihani, mimi namkata alama.

MBWANA: Mimi nampa zote. Akiandika mmoja bila kuitaja minyiri, hajamwelewa mnyama.

MWANAIDI: Hatujapatana, na fundi ananionyesha dakika moja.

MBWANA: Figo je? Na wale waliouliza habari ya bandama?

MWANAIDI: Haiwezekani leo. Hata umio hatujaligusa, nalo linapita katikati ya ubongo, kwa hiyo lazima chakula kisagwe kidogo kidogo kwa mdomo ule mgumu na ulimi wenye meno.

MBWANA: Katikati ya ubongo mkuu, useme.

MWANAIDI: Wa pekee! Wasikilizaji, mkimtumbua leo, chukueni kioo cha kukuzia, piga picha mioyo yote mitatu kabla hamjamtia chunguni, mtutumie. Na ule mdomo msiutupe, uko pale minyiri inapokutana, bonyeza kwa kidole gumba utatoka—

MBWANA: Na ukateni mnyiri mmoja pembeni, muutazame—

MWANAIDI: Muda umekwisha, kaka. Wasalamu.