Masizi yakiingia majini, virusi wanakwenda wapi?

Karibuni, ndugu zangu wa Goma. Tazameni glasi hii ya maji ya Ziwa Kivu. Nanyunyiza masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria ya kuni. Yanaelea: masizi mapya hayataki kulowa. Nikikoroga kwa nguvu, mengine yanashikana madonge na kuanza kuzama. Habari yetu imo ndani ya madonge hayo.

Masizi si majivu. Ni kaboni ya moto uliokosa hewa ya kutosha: kuni mbichi, koroboi, mazutu ya malori. (Makala yakishawaka vizuri kwenye mbabula hutoa masizi kidogo, sumu yake ni nyingine.) Punje moja ina nanomita 20 hadi 50 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), nazo hushikana kama shanga. Virusi wengi wa baharini wana nanomita 20 hadi 200, yaani wanakaribiana kimo na punje hizo. Bakteria mbele yao ni jitu. Mililita moja ya maji ya juu ya bahari huwa na bakteria kama milioni 1 na virusi kama milioni 10.

Masizi yakidondoka baharini hunasa mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka, ambayo ni chakula cha bakteria. Bakteria hukifuata na kufanya makao. Virusi nao hunata. Chumvi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, hupunguza msukumano wa chaji za umeme kati ya punje, kwa hiyo punje hugandana upesi. Maji ya juu ya Kivu yana gramu 1 hivi tu. Msichukue matokeo ya bahari mkayabandika kwenye ziwa letu.

Kosa kubwa liko kwenye kuhesabu. Maji huhifadhiwa kwa dawa iitwayo glutaraldehidi, asilimia 0.5, huchujwa kwa chujio lenye matundu ya maikromita 0.02 (nanomita 20), virusi hupakwa rangi ya SYBR Gold, inayong'aa ikishika DNA, na kuhesabiwa kwa hadubini ya mwanga wa buluu. Baada ya kutia masizi, hesabu hushuka, na mtu huandika: masizi yameua virusi. Hapana! Walionata wamefunikwa, na weusi wa masizi unameza mwanga wao. Hesabu ya namna hiyo mimi siikubali hata kidogo.

Wabandueni kwanza. Tieni pairofosfeti ya sodiamu, chumvi ya kulegeza walionata, ifikie milimola 10 kwa lita, tumbukizeni mrija kwenye barafu, mtikise kwa mawimbi ya sauti dakika moja, mpumzishe, mrudie mara mbili. Mkizidisha mtavunja virusi wenyewe. Kwa hiyo chupa ya pili, isiyo na masizi, ipitie mtikiso uleule. Chupa ya tatu iwe ya masizi ndani ya maji yasiyo na virusi, maana vipande vya masizi vilivyonyonya rangi huweza kung'aa vikahesabiwa kama virusi. Masizi yenyewe yawe kidogo, miligramu 1 kwa lita au pungufu. Kijiko kizima huziba chujio kabla hamjahesabu kitu.