Kabla Hujabofya "Lipa": Leseni, Toleo Jipya na Ulinzi wa Upakuaji

Tuko kwenye kikapu cha manunuzi, programu nimeshaichagua. Usibofye kulipa kwanza.

Tazama chini ya bei. Kuna mstari wa pili ambao sikuuweka mimi: "ulinzi wa upakuaji", na kisanduku chake tayari kina alama ya vema. Jina lisikudanganye, hii si kinga ya virusi, wala haikupi toleo jipya likitoka. Unauziwa ruhusa ya kurudi kupakua faili lilelile baada ya muda wa bure kwisha. Wauzaji wengi hukuruhusu kulipakua tena bure ukiingia kwenye akaunti yako, kwa hiyo fungua masharti yao usome muda huo. Mimi naiondoa alama hata kama muda una kikomo. Sababu utaiona.

Sasa fungua leseni. Ni ya kudumu, au ya kulipia kila mwezi? Ya kudumu maana yake toleo ulilonunua litabaki lako kulitumia, si kwamba yote yatakayofuata umeshayalipia. Kwa kawaida kutoka toleo la 5.1 kwenda 5.2 ni bure. Kutoka toleo la 5 kwenda la 6, andaa pesa. Bei ya kupandisha toleo huwa nafuu, ila inadai leseni ya zamani. Namba ya leseni usiitupe.

Je, leseni inahamishika? Tuchukue mfano wa leseni ya Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Subiri, kidirisha huchelewa kidogo. Soma mstari wa maelezo (Description). Ukiona OEM, leseni ilikuja na kompyuta na itabaki na kompyuta hiyo. RETAIL unaweza kuihamishia mashine nyingine, mradi uitoe kwenye ya kwanza. VOLUME ni ya taasisi; ukiikuta kwenye kompyuta uliyouziwa kama mtu binafsi, kamuulize aliyekuuzia.

Haya, lipa, pakua. Nakili faili la kusakinisha kwenye flashi au diski ya nje, pamoja na risiti na namba ya leseni. Huo ndio ulinzi wa upakuaji, na hujaulipia. Kama muuzaji ameandika alama za SHA256, yaani mfuatano unaokuonyesha kama faili halijabadilika, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye folda yenye faili, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi na tarakimu 64 zitakazotokea zote zilingane na alama za muuzaji.

Angalia pia ukubwa wa faili. Programu kubwa ikija na faili la megabaiti chache tu, hicho ni kipakuzi: sehemu kubwa huivuta kutoka kwenye seva wakati wa kusakinisha. Seva ikizimwa, nakala yako haina kazi. Rudi kwenye ukurasa wa upakuaji, tafuta faili la kusakinisha bila intaneti, kisha hifadhi hilo.