Mihuri ya Ndala: Kuandaa Zana za Kufundishia Uchapaji wa Kanga Darasani

Karibu, mwalimu mwenzangu. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kuandaa zana za somo la uchapaji kwa wanafunzi wa sekondari kwa kutumia ndala zilizochakaa, unga wa muhogo na udongo, kisha tutazitumia zana hizo kufundishia muundo wa kanga. Nimelifundisha somo hili katika kidato cha pili mara nyingi, na ninalipenda kwa sababu kila mwanafunzi hushika zana yake mwenyewe mkononi. Kijana anayenakili mchoro wa mwalimu kutoka ubaoni kwa miaka minne hapati jicho wala mkono wa msanii, na mara nyingi tunamnyima nafasi hiyo kwa kudhani kwamba bila boksi la rangi za dukani hakuna kinachoweza kufanyika. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichorea vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na kazi hizo ndizo zilizozaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo.

Tuanze na ndala, ambazo wengine huziita malapa au kandambili. Waombe wanafunzi walete zilizokatika kamba, kwa sababu soli yake bado ni nzima. Zioshe kwa sabuni na brashi, zikaushe, kisha ugeuze upande wa juu, yaani ule unaokanyagwa, kwa kuwa upande wa chini una mistari ya kiwandani ambayo itaingilia mchoro. Kwa rula ya chuma na kisu kikali cha kukatia karatasi, kata miraba ya sentimita 6 kwa 6. Soli ya mtu mzima hutoa miraba minne ukiyakwepa matundu ya kamba, au ukiyaacha yaangukie pembeni pasipochongwa. Kwa darasa la wanafunzi 48, basi, soli 12 zinatosha, yaani jozi 6. Tenga pia soli nyingine 6, ukate kila moja vipande viwili vya sentimita 24 kwa 3. Hivyo ni vya maneno, na kila kundi la wanafunzi wanne litapata kimoja. Kazi hii ya ukataji ifanye wewe mwenyewe kabla ya kipindi, kwa sababu inahitaji nguvu na kisu kinaweza kuteleza.

Kila mraba ubandike juu ya kipande cha ubao chenye ukubwa uleule kwa gundi ya viatu, na uifanye kazi hiyo nje au madirisha yakiwa wazi, maana harufu yake ni kali na si nzuri kwa kifua. Mafundi seremala wengi hugawa masalia ya mbao bure ukiwaeleza ni ya wanafunzi. Ubao huo una kazi mbili: humpa mwanafunzi mahali pa kushika, na husambaza mkandamizo sawasawa ili chapa isitoke na madoa katikati.

Sasa sogea karibu utazame uchongaji wenyewe, maana hapa ndipo kazi huharibika au kutengenea. Ninachora jani la mkorosho kwa kalamu ya wino. Sehemu ninayotaka itoke na rangi naiacha, na sehemu ninayotaka ibaki nyeupe naiondoa. Tazama ninavyokishika kisu: sikisimamishi wima, wala sikiinamishi kuelekea chini ya mstari, bali nakilaza ili mfereji uwe mpana juu na mwembamba chini, na tuta linalobaki liwe na kitako kipana kuliko kichwa. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, tuta hilo litakuwa kama ukuta uliochimbwa msingi. Litayumba kila unapogandamiza, na chapa ya tano haitafanana na ya kwanza. Kina cha milimita 3 kinatosha. Mkono wa kushoto, kwa anayetumia wa kulia, ukae nyuma ya kisu daima, na anayetaka kubadili mwelekeo ageuze kibao badala ya kugeuza mkono. Hili la mwisho lirudie darasani mpaka wanafunzi walichoke, kwa sababu wembe hausamehi.

Tuhamie kwenye rangi. Udongo mwekundu tunaoukanyaga kila siku ni rangi nzuri mno, ila haufai ukiwa na mchanga. Utie kwenye ndoo yenye maji, uukoroge kwa nguvu, uhesabu polepole hadi thelathini ili mchanga uzame, kisha umimine maji yale mazito kwenye chombo cha pili na kuuacha mchanga nyuma. Asubuhi yake utakuta maji safi juu na tope laini chini. Mwaga maji, anika tope lile, kisha lisage kwa chupa juu ya kigae. Rangi nyeusi hutokana na mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi, na ya buluu huipata kwa bluu ya kufulia. Binzari nayo hutoa manjano ya kupendeza siku ya kwanza, lakini hupauka upesi ikiwekwa juani, kwa hiyo usiitumie kwa kazi utakayotaka kuitundika.

Cha kushikiza rangi ni unga wa muhogo. Chukua vijiko vitatu vya unga laini, uvuruge kwanza kwa maji kidogo ya baridi hadi madonge yaishe, kisha uumimine kwenye maji yanayochemka yanayokaribia vikombe viwili, huku ukikoroga bila kuacha. Utajua uko tayari pale unapopoteza weupe wake na kuanza kung'aa. Ukishapoa, changanya vipimo viwili vya uji huo na kipimo kimoja cha unga wa rangi. Matone machache ya mafuta ya karafuu husaidia usichache haraka. Mara ya kwanza nilipofundisha somo hili, wanafunzi walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, nami nikaongeza maji ili rangi iwafikie wote. Rangi ikatiririka ndani ya mifereji ya mihuri, na wanafunzi waliokuwa wamechonga vizuri sana wakaishia kupata mabaka. Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu na waliovunjika moyo ni wao. Rangi ya kuchapia inapaswa kuwa nzito kama maziwa mgando. Ikipungua, koroga nyingine, usiongeze maji.

Usimimine rangi hiyo moja kwa moja kwenye muhuri. Kata kipande cha sponji ya godoro kinachoenea kwenye sahani, kinyweshe rangi, kisha gusisha muhuri juu yake mara mbili au tatu kwa wepesi.

Zana ziko tayari, tuingie darasani. Tundika kanga halisi ubaoni, yenye upana wa takribani sentimita 110 na urefu wa sentimita 150, na uwape wanafunzi dakika kumi za kuitazama kabla hujasema neno. Kisha waulize wanaona nini. Wengi wao wamebebwa mgongoni kwa kanga, ila hawajawahi kuulizwa imepangwaje. Waongoze waone sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo mpana unaoizunguka pande zote nne, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Unaweza kuwaeleza kwamba maneno hayo yalianza kutiwa mwanzoni mwa karne ya 20, hapo kwanza kwa herufi za Kiarabu, na kwamba mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana katika habari hiyo.

Kwa kazi ya wanafunzi, kata karatasi za manila ziwe sentimita 42 kwa 30. Vipimo hivi nimevichagua kwa makusudi. Muhuri wa sentimita 6 huingia mara 7 kwenye upande mrefu na mara 5 kwenye upande mfupi, kwa hiyo pindo zima linahitaji chapa 20. Wanafunzi wawili wanaoketi pamoja watapokezana: mmoja achape muhuri wake, mwenzake afuate, hivyo hivyo mpaka wazunguke. Kwa kuwa 7 na 5 zote ni witiri, yule anayeanza pembeni ataziangukia pembe zote nne, na pindo litafunga bila kugongana. Waache waligundue hilo wenyewe kwa kuhesabu kwenye karatasi ya mazoezi. Katikati utabaki mji wa sentimita 30 kwa 18, ambao wataujaza kwa mpangilio wao, wakiacha nafasi ya jina.

Jina huchongwa na kundi kwenye kile kipande kirefu. Tuchukulie wamechagua UMOJA NI NGUVU. Muhuri hugeuza kila kitu, kwa hiyo maneno lazima yachongwe kinyume. Waandike kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, waigeuze karatasi kifudifudi juu ya soli na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Penseli itahama na kugeuka yenyewe. Waonyeshe kwamba U, M, O, A, I na V hazibadiliki zikigeuzwa, na kwamba taabu iko kwenye J, N na G. Hizo tatu wazihakiki kwa kioo kidogo kabla ya kushika kisu. Kipande hiki nacho kibandikwe kwenye ubao mara uchongaji unapokwisha.

Somo zima huchukua vipindi viwili vya dakika 80: cha kwanza ni cha kutazama, kupanga na kuchonga, na cha pili ni cha kuchapa. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo kila jozi ya wanafunzi ichape karatasi mbili za namna moja. Zitundikeni kwenye kamba kwa vibanio zikauke, nawe tumia muda huo kuhakikisha mihuri inaoshwa kwa maji na mswaki wa zamani kabla uji haujagandia ndani ya mifereji, na kila mmoja ameandika jina lake nyuma ya kibao. Wakumbushe kwamba rangi hii haifai kwa nguo ya kufuliwa. Zikishakauka, mmoja achukue karatasi yake, na mwenzake achukue ya pili.