Ndiyo, nililipa kuangalia picha za Artemisia

Mwangaluka, ndugu zangu! Niko nyumbani Mwanza wiki tatu, lile nyuma yangu ni Jiwe la Bismarck, upepo wa ziwa mnisamehe.

Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, ulitoa hela kuangalia picha za mwanamke aliyekufa zamani?" Nilitoa. Siwaringii, wala silalamiki.

Ilikuwa 2020, National Gallery, London. Kuingia jumba lenyewe ni bure, ila maonyesho ya Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia wa karne ya 17, yalikuwa na tiketi yake. Na Oktoba hiyo hiyo ada ya afya ya sisi wahamiaji ikapanda kutoka paundi 400 hadi 624 kwa mwaka, na miaka yote ya kibali cha kuishi Uingereza unailipia kwa mkupuo! Kibali changu kilikuwa kinaisha, na barua ya mwajiri nilishaombwa mara mbili, barua ile ile. Kwa hiyo anayesema nina hela za kuchezea, hajui nilivyokuwa silali kwa mahesabu.

Artemisia alizaliwa Roma 1593, akafundishwa kuchora na baba yake. Alibakwa na mchoraji aliyefanya kazi na baba yake, na kesi ilipokwenda mahakamani 1612, aliyebanwa vidole kwa kamba ili ijulikane kama anasema kweli ni yeye. Yeye, jamani! Mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kwenye chuo cha wasanii Florence. Wakatoliki mnaijua habari ya Yudithi, mjane aliyemkata kichwa Holoferne, jemadari wa adui: kwenye picha ya Artemisia, Yudithi kapandisha mikono ya gauni kama mama anayepara samaki, anakata kichwa kwa nguvu zote.

Ila mimi nilienda kwa sababu ya barua. Mwaka 1649 alimwandikia mteja wake wa Sicily, Don Antonio Ruffo, kwamba michoro ya awali, ile ya kabla ya kupaka rangi, hatumi tena. Askofu mmoja aliuchukua mchoro wake, kazi ya kupaka rangi akampa mchoraji mwingine.

Hilo limenipata hapa hapa. Nilichora sangara wa bango la duka la samaki kule Mwaloni, kwa penseli, na vipimo vyote. Mwenye duka akasifu, kisha akauliza: "Binti, ngazi utapanda wewe?" Mchoro akampa fundi mwanaume. Sikupata hata nauli ya daladala. Niliposoma barua ile nililia.

Mnaouliza kama mje Uingereza kwa ajili ya sanaa, siwezi kumwambia mtu njoo au usije, mifuko yetu haifanani. Mimi mchoro hautoki mkononi kabla ya malipo ya awali. Wewe wateja wako unawajua mwenyewe.

Jana nimepita Mwaloni. Bango bado lipo, rangi imepauka. Sangara ni yule yule wangu, mkia kaukunjia kushoto.