Kuifufua Kompyuta ya Nyumbani Baada ya Sasisho la Windows Kukwama

Hamjambo, watazamaji. Kompyuta hii mnayoiona mezani ni ya jirani yangu hapa Umoja. Aliiacha usiku ikijisasisha, tokeni za stima zikamwishia kabla kazi haijakamilika, na asubuhi alipoiwasha ikabaki na nembo ya Windows na vitone vinavyozunguka tu. Fundi aliyempigia simu alimwambia ailete mjini ipigwe fomati. Mimi nilimwomba asikubali kwanza, kwa sababu fomati hufuta picha na hati ambazo mara nyingi bado zimo kwenye diski zikiwa salama, ilhali kilichovurugika ni faili za mfumo pekee. Kwa hivyo tutaanza na hatua zisizogusa chochote, na suala la kufuta tutaliweka mwisho kabisa.

Chomoa kwanza kila kilichounganishwa isipokuwa kibodi, kipanya na skrini. Flashi iliyosahaulika huweza kuizuia kompyuta isiwake. Kisha itazame taa ndogo ya diski iliyo karibu na kitufe cha kuwashia, ikiwa kompyuta yako inayo. Ikiwa inapepesa, kompyuta bado inafanya kazi, na inafaa uiache hata kwa saa mbili, hasa ikiwa diski ni ya zamani ya kuzunguka. Hii yetu ilikuwa imezimika taa tangu asubuhi, ndipo tukaendelea.

Sasa tunataka kuingia katika sehemu ya ukarabati ya Windows. Washa kompyuta, na mara nembo inapojitokeza, shikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10 mpaka izime. Rudia hivyo mara ya pili. Kwa kawaida, ukiiwasha mara ya tatu bila kuigusa, itatambua kwamba imeshindwa kuwaka na itakuletea skrini ya buluu yenye machaguo. Ninajua kwamba kuizima kwa nguvu kunaogofya, lakini hapa tunafanya hivyo kwa makusudi na kwa idadi ndogo; usiifanye kuwa mazoea.

Huenda ukaulizwa ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski isisomwe na wengine; ufunguo huo ni nambari yenye tarakimu 48. Usiogope wala usibahatishe. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zake, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kompyuta ilipoandaliwa. Ingia katika akaunti hiyo kwa simu, tafuta sehemu ya vifaa, kisha ulinganishe kitambulisho kinachoonyeshwa kwenye skrini na kile kilicho kwenye akaunti kabla ya kuandika nambari. Mwombe mtu akusomee tarakimu sita sita huku wewe ukiandika.

Kabla ya kukarabati chochote, tutaokoa faili. Bofya Troubleshoot, halafu Advanced options, kisha Command Prompt. Katika dirisha hili jeusi andika neno notepad na ubonyeze Enter. Kinachofunguka ni kijidaftari cha kawaida, lakini ndani yake mna mlango wa nyuma: nenda File, kisha Open, na pale chini uchague All Files. Sasa unaziona diski zote. Tafuta yenye folda iitwayo Users na uikumbuke herufi yake, maana katika sehemu hii diski tuliyoizoea kama C huweza kuitwa D, na ndivyo ilivyo hapa. Chomeka flashi, bofya folda unayoitaka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Copy, kisha uibandike kwenye flashi. Dirisha halitakuonyesha kazi ilipofika, litaonekana tu kama limeganda, livumilie. Jirani yangu alikuwa na hesabu za chama za miaka minne katika folda moja, na tulipoiona imetua kwenye flashi, hata sauti yake ilibadilika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nasisitiza nakala ilhali nimesema faili ziko salama. Ni kwa sababu sasisho lenyewe pia huweza kukosea: Oktoba 2018, Microsoft ililazimika kusimamisha toleo la 1809 la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walikuta hati zao zimefutwa.

Tukirudi kwenye Advanced options, chagua Uninstall Updates. Utapewa njia mbili: kuondoa sasisho dogo la kila mwezi, au kuondoa toleo kubwa jipya. Anza na dogo, isipokuwa una hakika kwamba kilichokuwa kikiingia ni toleo kubwa, ambalo kwa kawaida hurudishwa nyuma ndani ya siku 10 tu. Kwa wengi, shida huishia hapa.

Kwetu ilikataa, kwa kuwa sasisho lilikatikia njiani na halikuhesabiwa kuwa limeingia. Basi tunarudi kwenye dirisha jeusi na kuandika amri hii, tukizingatia nafasi kati ya maneno na tukitumia herufi ya diski tuliyoiona:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Amri hii huiambia Windows iachane na shughuli zote zilizokuwa zikingoja kukamilishwa. Imekusudiwa kompyuta iliyoshindwa kuwaka tu, kwa hivyo usiijaribu kwenye iliyo nzima. Ikimaliza, funga dirisha na uchague Continue. Mnaona wenyewe: vitone vimezunguka, kimya kidogo, kisha ukurasa wa nenosiri umetokea.

Ikiwa yako bado imekwama, jaribu System Restore, ambayo huirudisha mipangilio ya mfumo katika hali ya siku fulani ya nyuma bila kugusa hati zako. Ikishindikana, iko Reset this PC. Hapo chagua Keep my files, ukijua kwamba programu ulizojiwekea zitaondolewa na utazisakinisha upya. Ukiulizwa kama Windows ipakuliwe kutoka intaneti au itumie iliyomo kwenye mashine, fikiria bando lako kwanza, kwani kupakua huweza kula zaidi ya GB 4.

Kompyuta ikishawaka, fungua Settings, nenda Windows Update na usimamishe masasisho kwa wiki moja au mbili, la sivyo lile lile litajaribu kuingia tena usiku huu. Usiyazime moja kwa moja, kwa maana ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Muda huo ukiisha, nunua tokeni za kutosha, ondoa takataka ili diski iwe na nafasi, kisha uliruhusu sasisho mchana ukiwa umeketi hapo hapo.