Gego la Zinjanthropus lilitafuna nini?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaongelea meno, na kaka Juma kanikataza kabisa kutaja mswaki.

JUMA: Hayo tuwaachie madaktari. Hivi dada, ukinywa supu ya kichwa cha mbuzi, umewahi kuangalia taya la juu?

ZUHURA: Mimi hapo natafuta ulimi tu.

JUMA: Siku nyingine liangalie. Mbele hakuna jino hata moja, ni ufizi mgumu mtupu. Mbuzi anabana majani kati ya huo ufizi na meno ya chini, anakwanyua. Ila pitisha kidole kwenye magego: yana matuta makali kama tupa. Na taya linakwenda upande upande, linasaga.

ZUHURA: Na simba?

JUMA: Simba hasagi. Taya lake hupanda na kushuka tu, magego yanapishana, nyama inakatika, anameza. Sisi tuna mchanganyiko: meno ya mbele ya kukatia, chonge fupi, magego yenye vinundu butu.

ZUHURA: Basi nipe jino, nikwambie mwenyewe alikula nini.

JUMA: Taratibu! Mtafiti wa mabaki ya kale, Mary Leakey, alipolipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, kule Olduvai, Julai 1959, magego yalikuwa mapana ajabu, enameli, yaani ganda gumu la jino, nene, na utosini kuna ukingo wa mfupa ulioshika misuli ya kutafunia. Wakambandika jina la Mvunja Kokwa.

ZUHURA: Mbona inaingia akilini?

JUMA: Inaingia sana. Lakini mwaka 2008 watafiti wakayatazama magego ya jamii yake kwa hadubini. Anayevunja vitu vigumu, jino lake hujaa vishimo. Haya yalikuwa na mikwaruzo myembamba tu. Halafu 2011 ikapimwa kaboni ya enameli, kwenye meno ya jamii hiyo hiyo yaliyopatikana Kenya. Nyasi za nchi za joto huacha alama tofauti na miti. Ikaonekana kama asilimia 77 ya chakula chao ilitokana na nyasi na ndago.

ZUHURA: Taya lote lile, nyasi?

JUMA: Nyasi zinachosha jino, dada. Ni ngumu, zina mchanga, na lishe yake ndogo, kwa hiyo unatafuna kutwa nzima. Gego pana linaweza kuponda kokwa, na linaweza pia kuhimili kusugua miaka na miaka. Umbo linakwambia jino lina uwezo gani. Kazi ya kila siku uitafute kwenye mikwaruzo.

ZUHURA: Je, kama kokwa alizila wakati wa njaa tu? Mikwaruzo si inafutika?

JUMA: Hapo umewashika. Inafutwa na milo ya siku za mwisho, na wapo watafiti wanaoutetea msimamo huo huo wako. Ubishi haujaisha.

ZUHURA: Kiboko naye? Yale machonge ni ya nini, wakati anakula majani?

JUMA: Yanafika nusu mita, na nyasi anazing'oa kwa midomo! Yale ni ya kupigania eneo.

ZUHURA: Na fuvu lenyewe la Zinj?

JUMA: Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, hapo hapo Dar. Hata ukiona nakala yake, ukishamaliza kushangaa magego, shuka mbele. Meno ya mbele na chonge ni vidogo mno kwa uso mkubwa vile.