Saa kwenye bembea

SHAMSA: Hamjambo, karibuni. Huo mkwaruzo mnaousikia nyuma ya sauti yangu, krrr, krrr, si panya. Ni kisanduku ambacho kimeninyima usingizi wiki nzima. Niko na fundi Athumani kama kawaida, na leo nimemletea kesi.

ATHUMANI: Kesi au kelele?

SHAMSA: Vyote viwili. Niwaeleze wasiokiona: kiboksi cheusi, kifuniko cha kioo, ndani kuna kimto cha umbo la yai. Unakivisha saa, unachomeka umeme, kimto kinazunguka. Wauzaji wa mtandaoni wanakiita wainda. Mimi nakiita bembea, maana kazi yake ni kuibembeleza saa ya otomatiki.

ATHUMANI: Mtoto unambembeleza alale, saa unaibembeleza isilale. Na ndani umeweka ipi?

SHAMSA: Seiko 5 ya baba mdogo. Alirudi nayo Unguja kutoka Maskati mwaka 1998, kidirisha cha siku kinasoma Kiarabu. Siku hizi ni yangu, ila naivaa Ijumaa na sikukuu tu. Kila nikiifungulia droo nakuta imesimama. Nikaona ninunue bembea.

ATHUMANI: Ungeniuliza kwanza.

SHAMSA: Ningekuuliza ungenikataza.

ATHUMANI: Ningekukataza, ndiyo. Hebu itoe hapo tuiangalie. Igeuze mgongo. Bahati nzuri ina mgongo wa kioo. Unaona hilo bapa la nusu duara?

SHAMSA: Naliona, linayumba.

ATHUMANI: Hiyo ndiyo rota. Sasa ishike saa wima kama iliyotundikwa ukutani, uizungushe polepole. Polepole, si usukani wa daladala huo. Rota iko wapi?

SHAMSA: Imebaki chini. Saa inazunguka, yenyewe inaning'inia tu. Ehe, na mshale wa sekunde umeanza kwenda!

ATHUMANI: Basi umeshaelewa nusu ya kipindi. Rota ina uzito, inataka kubaki chini. Kasha likizunguka, zile gia zilizoshikana na rota zinalazimika kusogea, na ndizo zinazokaza kamani, ile springi inayoiendesha saa. Sasa ilaze chali mezani, uizungushe vivyo hivyo.

SHAMSA: Inakwenda pamoja na saa. Haibaki nyuma.

ATHUMANI: Kwa hiyo haikazi kitu. Nimeletewa bembea zinazolaza saa chali kama sahani ya santuri. Zina taa za bluu, zinapendeza, na saa inasimama juu yake. Kitu cha kwanza unachoangalia dukani si ngozi wala taa. Angalia kimto kinashikaje saa. Lazima saa ikae wima, au iiname vya kutosha rota iweze kuanguka.

SHAMSA: Hiki changu kimeinama.

ATHUMANI: Kimeinama vizuri, hapo sina neno.

SHAMSA: Tuwakumbushe wasikilizaji kwamba hii si saa ya betri wala ya kutia ufunguo kila asubuhi. Mkono wako ndio unaoitia ufunguo.

ATHUMANI: Na wazo lenyewe la zamani. Kwa saa za mkononi, Mwingereza John Harwood alipata hataza yake Uswisi mwaka 1924. Alijiamini hata ufunguo wa pembeni akauondoa kabisa, majira unarekebisha kwa kuzungusha ile pete inayozunguka kioo. Ile yake ilikuwa inagonga huku na kurudi, haizunguki duara zima. Rota ya kuzunguka duara zima Rolex waliileta 1931.

SHAMSA: Swali ambalo watu wananiuliza: nikiiacha kwenye bembea usiku kucha, kamani haitakazwa mpaka ikatike?

ATHUMANI: Haitakatika. Katika saa ya otomatiki ncha ya nje ya kamani haikufungwa. Inang'ang'ania ukuta wa pipa lake kwa nguvu yake yenyewe, na kamani ikijaa, ile ncha inateleza kidogo, inashika tena. Kwa hiyo haijazwi kupita kiasi. Lakini sikia, kuteleza nako ni kusuguana. Kule ndani kuna grisi. Ukiiacha inazungushwa saa ishirini na nne, grisi hiyo inafanya kazi bila sababu.

SHAMSA: Hapo ndipo nataka ufike. Kisanduku changu kina namba: 650, 800, 1000, 1200. Nikaona 1200 ndiyo ya nguvu.

ATHUMANI: Hiyo ni mizunguko kwa siku, dada, si nguvu. Saa nyingi zinatosheka na 650 mpaka 800. Fanya hesabu: kimto kikizunguka mara 10 kwa dakika, 650 ni dakika 65 tu za kazi kwa siku nzima. Iliyobaki ni mapumziko. Kisanduku kizuri kinazunguka kidogo, kinatulia, kinazunguka tena. Zile za bei ya chini kabisa zinazozunguka bila kupumzika, kwa mwendo huohuo, ni mizunguko 14,400. Hakuna mkono wa binadamu unaoitendea saa hivyo.

SHAMSA: Labda wa mpiga ngoma.

ATHUMANI: Hata mpiga ngoma analala. Anza na namba ya chini. Na saa iingie ikiwa imejaa, usiingize iliyosimama. Halafu usiniambie kesho yake kwamba inafaa, maana kesho inaishi kwa akiba iliyoingia nayo. Saa kama hii yako ikijaa inakwenda saa arubaini hivi...

SHAMSA: Saa inakwenda saa arubaini. Kiswahili hiki!

ATHUMANI: ...kwa hiyo subiri siku tatu. Ikiwa bado inakwenda na majira ni sahihi, acha hapohapo. Ikisimama, panda ngazi moja.

SHAMSA: Na huu mshale wa kulia, wa kushoto, na ule wa pande zote?

ATHUMANI: Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mashine nyingine zinakaza kamani rota ikienda upande wowote. Ya kwako, 7S26, ni hivyo. Seiko wana kikono chenye kucha mbili tangu 1959, kucha moja inavuta gurudumu, nyingine inasukuma, hakuna mzunguko unaopotea. ETA 2824 nayo inakubali pande zote. Lakini Miyota 8215, ambayo imo kwenye saa nyingi za bei nafuu, inakaza upande mmoja tu. Valjoux 7750 vilevile. Hiyo ukiivaa, rota ikienda upande usio na kazi inakimbia bure mpaka unahisi saa inatetemeka mkononi. Ukiweka 7750 upande usio wake, izungushe hata mwaka, itasimama.

SHAMSA: Na mtu hajui mashine iliyomo ndani?

ATHUMANI: Aweke pande zote, akikumbuka kwamba kwa saa ya upande mmoja nusu ya mizunguko imepotea. 650 inakuwa 325. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuigusa ile 1200 yako.

SHAMSA: Sasa kesi yenyewe. Niliiweka Jumamosi. Jumanne najikuta nawahi kila mahali. Saa imekwenda mbele dakika kumi na mbili! Siku tatu tu. Baba mdogo aliivaa miaka, haikuwa na tabia hiyo. Nikaitoa, nikaitupa mezani mpaka ikasimama.

ATHUMANI: Dakika nne kwa siku. Hiyo imeshika sumaku. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja kama koili ya dawa ya mbu. Ikishika sumaku, mikunjo inagandana, springi inakuwa kana kwamba imefupishwa, na saa inakimbia. Na bembea ina mota, mota ina sumaku. Kama hawakuikinga vizuri, au wameiweka karibu mno na kimto...

SHAMSA: Nilijua! Nitawarudishia.

ATHUMANI: Ngoja kwanza. Nimekuja na dira. Washa kisanduku. Naisogeza pale saa inapokaa... sindano imecheza kidogo mota ilipoanza. Kidogo sana. Hii haiwezi kuleta dakika nne. Kisanduku ulikuwa unakiweka wapi nyumbani?

SHAMSA: Kabatini kilikuwa kinakwaruza, nikakihamishia sebuleni.

ATHUMANI: Sebuleni wapi?

SHAMSA: Juu ya spika.

ATHUMANI: Juu ya spika! Dada Shamsa, nyuma ya ile koni kuna bonge la sumaku.

SHAMSA: Basi bembea haina kosa.

ATHUMANI: Sijasema haina kosa. Inakwaruza. Mota nzuri unaisikia ukiweka sikio, hii naisikia kutoka upande wa pili wa meza. Lakini sumaku ni ya spika yako. Tiba yake rahisi, mafundi tuna kiboksi cha kuondolea. Naweka saa juu, nabonyeza, naiinua taratibu huku nimebonyeza mpaka mkono unyooke, ndipo naachia. Sekunde kumi. Ukiachia ikiwa bado karibu unaweza kuiongezea sumaku badala ya kuitoa.

SHAMSA: Fanya... Ndio hivyo tu? Na fundi wa mtaani kwetu aliniambia lazima aifungue yote!

ATHUMANI: Huyo simjui na sitamsemea.

SHAMSA: Haya, nani basi anahitaji bembea? Maana unaongea kama mtu anayetaka niuze.

ATHUMANI: Kuna mtu anayeihitaji kwelikweli. Mwenye kalenda ya kudumu. Chukua saa ya Da Vinci ya kampuni ya IWC, ya 1985, kazi ya fundi Kurt Klaus. Saa inajua mwezi upi una siku 30, upi 31, inajua na Februari ya mwaka mrefu. Vyote, tarehe, siku, mwezi, mpaka mwandamo wa mwezi, unavipeleka kwa ufunguo mmoja, na vinakwenda mbele tu. Ukipitiliza huwezi kurudi nyuma. Ama usubiri kalenda ya dunia iifikie saa, ama uipeleke karakana. Mtu wa namna hiyo saa yake isisimame. Na mashine ya chini ya kalenda ile ni 7750, kwa hiyo tena tumerudi kwenye upande mmoja.

SHAMSA: Huyo hanisikilizi mimi, huyo ana mtu wa kumzungushia.

ATHUMANI: Mwingine ni mwenye saa tano sita anazobadilisha kila siku na hana subira asubuhi. Sawa, ni starehe yake. Ila wengi wetu, hapana. Kuna hoja ya zamani kwamba saa isiyotembea mafuta yake yanaganda. Ilikuwa na maana enzi za mafuta ya wanyama. Mafuta ya leo ya kiwandani hayagandi kwa wiki mbili za droo. Saa inayotembea mfululizo ndiyo inayosagika, kama gari. Na siku hizi kuna mashine kama Powermatic 80 za Tissot. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi unaikuta ikikungoja.

SHAMSA: Lakini yangu haina hata njia ya kutia ufunguo. Nimezungusha ule ufunguo wa pembeni mpaka kidole kimechubuka.

ATHUMANI: 7S26 haikazwi kwa ufunguo, ni kweli. Ndiyo maana wazee wanaiita saa ya kutikisa. Ishike bapa, iyumbishe upande kwa upande kama unayepepeta mchele, mara ishirini, usiikung'ute kama chupa ya dawa. Itaanza. Kisha ivae mchana mzima, mkono utaijaza. Zile zinazokubali ufunguo, NH35 kwa mfano, zizungushe mara ishirini au thelathini, basi.

SHAMSA: Umeme wetu nao. Ukikatika?

ATHUMANI: Ukirudi, visanduku vingine vinaanza hesabu upya. Ukivipendelea vile vinavyokubali na betri utapumzika. Na tumia adapta iliyokuja nacho, si ya redio.

SHAMSA: Haya, nirudishie saa yangu niweke tarehe, maana inasema kumi na saba...

ATHUMANI: Usiguse! Ilikuwa imesimama saa ngapi?

SHAMSA: Saa nne na dakika ishirini. Sasa, tangu tuitikise, inasoma nne na arubaini na tano.

ATHUMANI: Ya asubuhi au ya usiku?

SHAMSA: Nitajuaje? Akrabu ni zilezile.

ATHUMANI: Ndiyo hatari yenyewe. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku, kwa majira ya saa yenyewe, si ya ukutani, gia za tarehe zimeshikana. Ukisukuma tarehe kwa mkono wakati huo unaweza kuvunja jino.

SHAMSA: Babu yetu aliiweka saa yake kwa Kiswahili, ikisoma kumi na mbili jua linazama. Ingekuwa na tarehe ingebadilika magharibi.

ATHUMANI: Na kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu angekuwa sahihi kuliko sisi. Haya, vuta ufunguo mpaka mwisho, mlio wa pili. Peleka akrabu mbele, taratibu, uangalie kidirisha.

SHAMSA: Tano kasoro... tarehe inajikunja. Inapanda. Sita kamili... tap! Kumi na nane.

ATHUMANI: Ilikuwa usiku. Ungekuwa umeshalivunja. Endelea mpaka akrabu zisimame wima, saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo unarudi mlio wa kwanza kuweka tarehe ya jana, halafu unaileta leo kwa akrabu.

SHAMSA: Siku nayo inasogea. Imeandika Kiingereza, SAT.

ATHUMANI: Usishtuke, inapita hapo tu. Endelea.

SHAMSA: Saa nane... saa tisa... bado Kiingereza. Ngoja. Ehe, imetua. *As-sabt*.